SHINIKIZO LA DAMU: KULIPIMA BILA KUDUNGA NA BILA KUKOMA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Miongoni mwa maradhi yanayotajwa sana matangani siku hizi, presha haikosi. "Jana alikuwa mzima kabisa, presha ikapanda usiku." Maneno kama haya nimeyasikia mara nyingi, na bila shaka nawe pia umeyasikia. Lakini ukimuuliza huyo msemaji presha ni kitu gani na hupimwaje, atakuna kichwa kama mtu aliyeitwa ubaoni bila kutarajia.

Katika makala haya nimekusudia kueleza shinikizo la damu ni nini, lilianza kupimwa vipi, na hasa habari ya njia moja ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho: kulipima shinikizo mfululizo, pigo baada ya pigo la moyo, bila kumdunga mgonjwa sindano hata moja. Nia yangu si kuwafanya nyote madaktari. Nataka tu kwamba mtu akituambia kuhusu mashine hizi, au akitaka kutuuzia moja, tujue la kumwuliza.

PRESHA NI NINI HASA?

Kwanza tuondoe kosa moja. Mtu akisema "mimi sina presha" amekosea. Asiye na presha ni maiti! Kila aliye hai ana shinikizo la damu, na bila hilo damu isingefika kichwani wala kwenye vidole vya miguu. Ugonjwa ni kuwa nalo kupita kiasi au kuwa nalo kidogo mno.

Moyo ni pampu. Unapojikaza, huisukuma damu kwenye mishipa minene iitwayo ateri, na damu hiyo husukuma kuta za mishipa kama vile maji yanavyosukuma kuta za mpira wa kunyunyizia mboga. Msukumo huo ndio shinikizo. Moyo ukijikaza, shinikizo hupanda. Ukilegea ili ujae tena, shinikizo hushuka, lakini halifiki sufuri. Ndiyo sababu daktari huandika namba mbili, moja juu ya nyingine, kwa mfano 120 juu ya 80. Ya juu ni ya wakati moyo unasukuma, na ya chini ni ya wakati umepumzika.

Namba hizo ni milimita za zebaki. Maana yake ni kwamba shinikizo la 120 lina nguvu ya kuinua zebaki ndani ya mrija mpaka kimo cha milimita 120. Mbona zebaki na si maji? Zebaki ni nzito zaidi ya mara 13 kuliko maji. Kama tungetumia maji, mrija ungehitaji kuwa na kimo cha zaidi ya mita moja na nusu, na daktari angelazimika kupanda kiti ili kusoma.

Jambo la pili, na hili ndilo kiini cha makala yangu: presha haisimami mahali pamoja. Tuseme moyo hupiga mara 70 kwa dakika. Kwa siku moja hayo ni mapigo 100,800, na kila pigo lina shinikizo lake. Ukipanda mlima ukikimbilia kengele ya asubuhi, hupanda. Ukikasirika, hupanda. Ukilala, kwa watu wengi hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Ukisimama ghafla kutoka kitandani, hushuka kidogo kisha mwili huirudisha. Kwa hivyo mtu anayesema "presha yangu ni 120 juu ya 80" ni kama mtu anayesema "mto wetu una kina cha mita mbili." Wa lini? Wa kiangazi au wa masika?

KUTOKA KWA FARASI HADI TYUBU YA BAISKELI

Mtu wa kwanza anayejulikana kupima shinikizo la damu alikuwa kasisi wa Uingereza aitwaye Stephen Hales. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1733. Alimfunga farasi jike, akamtia mrija kwenye mshipa mkubwa wa mguu, na kuunganisha mrija mrefu wa kioo uliosimama wima. Damu ilipanda ndani ya kioo mpaka kimo cha futi 8 na inchi 3, yaani karibu mita mbili na nusu, huku ikipanda na kushuka kufuatana na moyo. Zingatia hilo, msomaji. Kipimo cha kwanza kabisa kilikuwa cha mfululizo. Hales aliiona presha ikicheza mbele ya macho yake. Lakini ni nani kati yetu angekubali kupimwa hivyo?

Ikabidi watu watafute njia isiyomwaga damu. Mwaka wa 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alibuni mkanda wa kufunga mkononi na kujaza hewa. Alitumia vitu vya kawaida tu, vikiwemo tyubu ya baiskeli na kidau cha wino, pamoja na zebaki ya kupimia. Aliujaza mkanda mpaka pigo la kifundo cha mkono likapotea, akasoma zebaki ilikofika. Hata hivyo njia yake ilitoa namba ya juu peke yake.

Mwaka wa 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, aliongeza jambo dogo lenye faida kubwa. Aliweka kifaa cha kusikilizia kwenye mshipa chini ya mkanda. Mkanda ukiwa umekaza sana, damu haipiti na hakuna sauti. Hewa ikitolewa polepole, damu huanza kupenya kwa kushtuka na sauti husikika, pu, pu, pu. Hapo ndipo namba ya juu. Hewa ikizidi kupungua, sauti hupotea kwa kuwa damu sasa inapita bila kizuizi. Hapo ndipo namba ya chini. Zaidi ya miaka 100 imepita na njia hiyo bado inatumika. Mashine za betri ambazo tunaziona kwenye zahanati na maduka ya dawa nazo hutumia mkanda ule ule, ila badala ya kusikiliza hupima jinsi hewa ya mkanda inavyotikiswa na mshipa, kisha hupiga hesabu.

Lakini njia ya mkanda ina upungufu mmoja. Inahitaji nusu dakika au zaidi ili itoe jibu moja. Ni kama picha ya pasipoti: inaonyesha sura yako ya siku ile, tena ukiwa umekaa kwa adabu mbele ya kamera. Haionyeshi ulivyokuwa asubuhi wala utakavyokuwa jioni.

HATARI ILIYOMO KATI YA PICHA MBILI

Tuchukue mfano unaotuhusu sisi wanafunzi. Paredi ya Jumatatu imekawia, jua linawaka, na mwalimu wa zamu bado ana matangazo. Ghafla mwenzetu anapepesuka na kuanguka puu! Wenzake wanambeba hadi kivulini. Mara nyingi kinachotokea ni hiki. Mtu akisimama wima kwa muda mrefu bila kusonga, damu hukusanyika miguuni. Ile inayorudi moyoni hupungua, shinikizo hushuka, na ubongo ulio juu kabisa hukosa damu ya kutosha. Mtu huzirai kwa muda mfupi tu. Akishalala chini, damu hurudi kichwani na shinikizo hupanda tena. Sasa nesi akifika na mkanda wake baada ya dakika tano, atapata 115 juu ya 75 na kusema mtoto ni mzima. Hajadanganya. Kipimo chake ni cha kweli, ila kimekuja mwizi akiwa ametoroka.

Mfano wa pili si wa kuchekesha. Mama anayejifungua kwa upasuaji mara nyingi hudungwa dawa ya ganzi mgongoni, ili awe macho lakini asisikie uchungu kuanzia kifuani kwenda chini. Dawa hiyo hulegeza pia mishipa ya damu, na mishipa ikilegea shinikizo linaweza kushuka sana kwa dakika chache. Mama huhisi kichefuchefu na kizunguzungu. Mtoto aliye tumboni, ambaye oksijeni yake yote huletwa na damu ya mama, naye hupungukiwa. Katika upasuaji wa kawaida mkanda huwekwa ujijaze kila baada ya dakika 3 au 5. Tupige hesabu. Kwa dakika 5, moyo wa mapigo 70 hupiga mara 350. Mapigo 350 yapite na hakuna anayeyaona! Kwa mama wa upasuaji madaktari hupima upesi zaidi, hata kila dakika, lakini bado kuna pengo. Na si akina mama peke yao. Shinikizo likikaa chini sana wakati wa upasuaji wowote, figo na moyo huweza kuumia.

Kuna njia ya kuziba pengo hilo, ambayo ni kumfanyia mgonjwa kama Hales alivyomfanyia farasi, ila kwa ustaarabu. Daktari huingiza mrija mwembamba ndani ya ateri, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, na kuuunganisha na kifaa cha umeme. Kila pigo huonekana kwenye skrini kama mstari wa vilima. Hii ndiyo njia ya kuaminika zaidi, nayo hutumika katika upasuaji mkubwa na katika wadi za wagonjwa mahututi. Lakini mshipa uliotobolewa unaweza kuvuja damu, kuingia viini au kuziba. Tena panahitajika mtaalamu wa kuuingiza na muuguzi wa kuulinda. Hakuna daktari atakayemtia mrija wa ateri mtu aliyezirai paredini.

Basi kwa upande mmoja tuna mkanda, ambao hauumizi lakini huona mara moja moja. Kwa upande mwingine tuna mrija, ambao huona yote lakini hutoboa. Je, hakuna kitu katikati?

KIDOLE KINACHOSEMA

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanasayansi mmoja wa mji wa Brno, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia kabla haijagawanyika mwaka wa 1993, alionyesha kwamba kidole kimoja kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko hiyo. Jina lake ni Jan Peňáz. Aliandikisha uvumbuzi wake mwaka wa 1967 na kuueleza mbele ya wataalamu wenzake mjini Dresden mwaka wa 1973.

Nitaeleza fikira yake kwa mfano. Tuseme wewe uko ndani ya darasa na mimi niko nje, na sote tunausukuma mlango mmoja. Ukisukuma kwa nguvu nami nikasukuma kwa nguvu ile ile, mlango hausongi hata inchi. Ukizidisha, nami nazidisha papo hapo. Ukipunguza, nami napunguza. Maadamu mlango haujasonga, nguvu zetu ziko sawa. Sasa mtu akitaka kujua nguvu zako na hawezi kuingia darasani, hana haja ya kuingia. Atapima nguvu zangu mimi niliye nje, na jibu litakuwa lile lile.

Ukuta wa mshipa wa damu ndio mlango. Damu iko ndani na hewa iko nje. Peňáz alitengeneza mkanda mdogo wa hewa wa kuvishwa kidoleni kama pete pana. Kazi ya hewa hiyo ni kuusukuma mshipa kutoka nje kwa nguvu sawasawa na damu inayousukuma kutoka ndani, ili mshipa usipanuke wala usisinyae. Moyo ukipiga, hewa hupandishwa. Moyo ukilegea, hewa hushushwa. Basi ukisoma shinikizo la hewa ya mkanda, ambalo ni rahisi kupima, umesoma shinikizo la damu ndani ya mshipa bila kuutoboa.

Swali ni moja: mashine itajuaje kwamba mshipa umeanza kupanuka? Hapa Peňáz alitumia mwanga. Usiku stima zikipotea nyumbani, shika tochi na uibane nyuma ya kidole chako. Utaona kidole kinang'aa wekundu. Mwanga umepenya. Lakini damu hunywa sehemu ya mwanga huo, kwa hivyo damu ikiongezeka kidoleni, mwanga unaotokea upande wa pili hupungua. Ndani ya mkanda wa Peňáz mna taa ndogo ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, na mkabala wake kuna kipokezi. Mwanga ukipungua, mashine inajua mshipa unataka kupanuka, nayo huamuru vali iongeze hewa mara moja. Mwanga ukizidi, vali hupunguza hewa. Kazi hii hufanywa upesi sana, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kiasi kwamba kila kilima na kila bonde la pigo moja la moyo hufuatwa.

Nilipolisoma jambo hili nilipenda ujanja wake. Ili kujua kitu kinasonga vipi, alikizuia kisisonge!

Hata hivyo fikira nzuri haikutosha. Mishipa ya vidole ina misuli yake. Ukishika maji baridi hujikaza, ukiota moto hulegea. Kwa hivyo kipimo cha mshipa ambacho mashine imeamriwa kukilinda kinaweza kuwa si sahihi tena baada ya muda mfupi. Mholanzi Karel Wesseling na wenzake mjini Amsterdam ndio waliotatua hilo. Waliitengenezea mashine mpango wa kusita kwa muda mfupi kila baada ya mapigo kadhaa, kuchunguza upya hali ya mshipa, kisha kuendelea. Katika miaka ya 1980 mashine yao iitwayo Finapres ikaanza kutumiwa na watafiti, na baadaye zikaja nyingine za aina hiyo, hata za kubebwa kiunoni siku nzima.

Leo mashine za kidole hutumika katika vyumba vya upasuaji ambako daktari anataka kuona kila pigo lakini mgonjwa hahitaji kutobolewa. Hutumika pia kuwachunguza watu wanaozirai ovyo. Mgonjwa hulazwa kwenye kitanda maalumu ambacho huinuliwa mpaka awe kama amesimama, huku kidole kikisema. Shinikizo likianza kuporomoka, daktari huliona likiporomoka. Mwizi hushikwa akiwa bado ndani ya nyumba.

Ipo pia njia nyingine ya kugusa tu. Kidude hubanwa kwenye kifundo cha mkono ili ateri ilaliane na mfupa na kuwa bapa kidogo juu yake. Kikiwekwa mahali penyewe, msukumo unaohisiwa hulingana na shinikizo lililomo ndani. Wamarekani Pressman na Newgard waliieleza mwaka wa 1963. Shida yake ni kwamba mkono ukisogea kidogo, kidude hupoteza njia.

KASORO ZAKE

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nami sitaki kuisifu mashine kama mchuuzi wa dawa za kienyeji sokoni. Kasoro ziko, nazo ni hizi.

Kwanza, kidole huchoka. Mkanda huzuia damu kurudi, kwa hivyo baada ya muda ncha ya kidole huvimba kidogo, hubadilika rangi na kufa ganzi. Ndiyo maana mashine nyingine huvishwa vidole viwili ili vipokezane zamu kama viranja.

Pili, mgonjwa aliyepoteza damu nyingi au mwenye baridi kali hufunga mishipa ya vidole ili kuokoa damu kwa ajili ya moyo na ubongo. Kidole hunyamaza wakati ambapo tunamhitaji sana aseme. Kwa mgonjwa wa namna hiyo mrija wa ateri bado ndio mfalme.

Tatu, kidole kiko mbali na moyo. Umbo la pigo hubadilika njiani, na namba za kidoleni haziwi sawa kabisa na za mkononi. Mashine hulazimika kupiga hesabu ya kusahihisha.

Nne, kimo cha mkono. Hapa wanafunzi wenzangu wa fizikia watafurahi. Shinikizo la kiowevu ni kimo mara uzito wa kipimo chake mara mvutano wa ardhi. Mkono ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, tunapata 0.1 mara 1,060 mara 10, yaani paskali 1,060. Milimita moja ya zebaki ni kama paskali 133. Kwa hivyo sentimita 10 tu huongeza kama milimita 8. Mtu wa 135 anakuwa wa 143, na ghafla ameitwa mgonjwa! Mashine nzuri za kidole huwa na kifaa cha kupima kimo cha mkono kulingana na moyo. Na jambo hili si la mashine ghali peke yake. Hata ukipimwa kwa mkanda wa kawaida mkono wako ukining'inia, utapata namba ya uongo.

Tano ni bei. Hospitali yenye shida ya kununua glavu haitakimbilia mashine ya kidole.

NA HIZI SAA JE?

Siku hizi mitaani na kwenye mitandao kuna saa na pete zinazosemekana kupima presha mchana na usiku bila mkanda wowote. Wengi huamini kwamba ni Peňáz ameingia ndani ya saa. Sivyo. Saa haina mkanda wa hewa wa kusukumana na mshipa. Inachofanya ni kukisia.

Saa nyingi huangaza mwanga kwenye ngozi na kutazama umbo la pigo la damu. Nyingine hupima muda ambao pigo huchukua kusafiri kutoka moyoni hadi mkononi. Msingi wake ni wa kweli: shinikizo likipanda, mshipa hukaza, na pigo husafiri upesi zaidi, kama vile kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa sana inavyotetemeka upesi kuliko iliyolegea. Lakini mshipa unaweza kukaza kwa sababu nyingine, kama vile uzee au baridi, na saa haiwezi kujua tofauti. Kwa hivyo saa nyingi huhitaji kwanza kufundishwa kwa kipimo cha mkanda, na baada ya siku nyingi huweza kupotoka polepole.

Mwaka wa 2022 chama cha wataalamu wa shinikizo la damu cha Ulaya kilitoa msimamo wake: vifaa visivyo na mkanda visitumiwe kuamua kama mtu ana ugonjwa au kumpa dawa. Mwaka huo huo kukatolewa pia kanuni za kimataifa za kuvijaribu vifaa vya kupima presha mfululizo bila kudunga. Kanuni zipo, lakini si kila kinachouzwa kimepita mtihani.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi watu weusi. Mwanga hupita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi hunywa mwanga zaidi. Mwaka wa 2020 watafiti wa Marekani waligundua kwamba kile kidude cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni kilishindwa kuonyesha upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wagonjwa weupe. Hicho kinapima oksijeni, si presha, lakini nacho hutumia mwanga. Basi mtu akikuletea saa ya presha, mwulize: hii imejaribiwa kwa watu wa ngozi kama yangu? Akianza kugugumia, mwache aende zake.

SISI TUFANYEJE?

Huenda msomaji akauliza, mashine hizi za Ulaya zatuhusu nini sisi wa shule ya kutwa tunaokuja kwa miguu? Zatuhusu sana. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100, karibu 24 walikuwa na shinikizo la juu. Tena zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Huko Ulaya wanabishana kama waone kila pigo au waone kila dakika 5. Hapa kwetu kuna mzee wa miaka 60 ambaye kati ya mapigo yake yote tangu azaliwe, hakuna hata moja lililowahi kupimwa! Na shinikizo la juu halipigi hodi. Huweza kukaa miaka mingi bila maumivu yoyote, huku likiharibu moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo, mpaka siku kiharusi kinapobisha.

Kwa maoni yangu basi, kila kifaa kina mahali pake. Mrija wa ateri ni wa mgonjwa mahututi. Mashine ya kidole ni ya yule ambaye shinikizo lake linaweza kuanguka kwa dakika chache, na ingefaa hospitali zetu kubwa ziwe nazo, hasa kwa ajili ya akina mama. Sisi wengine tunahitaji mkanda, tena uliotumiwa sawasawa.

Kutumiwa sawasawa ni hivi. Kaa kitini kwa dakika 5 kabla ya kupimwa. Egemeza mgongo, weka nyayo zote mbili sakafuni, wala usikunje nne. Mkono uwe juu ya meza, sawa na moyo. Mkanda uenee mkono wako, usiwe mdogo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Na tafadhali, usipige soga wakati mashine inapima.

Kisha usihukumiwe kwa kipimo kimoja. Nyanya yangu akipimwa kliniki hupata namba kubwa kuliko anazopata akipimwa nyumbani. Koti jeupe humtia wasiwasi, na hayuko peke yake. Wengine ni kinyume: kliniki ni wazima, nyumbani wamepanda. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hutaka mtu apimwe siku mbili tofauti. Namba ya juu ikiwa 140 au zaidi siku zote mbili, au ya chini ikiwa 90 au zaidi, hapo ndipo husemwa ana ugonjwa. Palipo na shaka, daktari anaweza kumfunga mkanda wa kubeba unaojijaza wenyewe kila baada ya dakika 15 hadi 30 kwa saa 24, hata akiwa usingizini. Si mfululizo kamili, lakini ni albamu nzima badala ya picha moja ya pasipoti.

Mpenzi msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ukifika nyumbani, waulize baba, mama na babu: mlipimwa lini mara ya mwisho? Wakijibu "sisi hatuna presha," sasa unajua la kuwaambia. Waambie wanayo, tena inapiga zaidi ya mara laki moja kwa siku, na yafaa mtu aitazame walau mara moja moja.

Nakunja jamvi.